Nyuzi Zilizo Chini

Kitinda alibonyeza sauti ile ile ya piano kwa mara ya nne. Baba yake akakaza uzi wa selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, akatega sikio, akaridhika. Uzi ulikuwa chini ya sauti ya piano. Si chini sana, lakini chini.

Walikuwa wakipiga pamoja kwa miaka kumi na sita: baba kwenye selo, Baba Mdogo kwenye fidla, na Kitinda, wa mwisho kuzaliwa na wa kwanza kubisha, kwenye piano. Leo walikuwa kwenye ukumbi wa maktaba, saa ya chakula cha mchana. Watu wa ofisi za jirani walikaa na mikate yao mapajani, jicho moja kwa wapigaji, jingine kwenye saa ya ukutani. Saa nane kamili wangeondoka, muziki uishe usiishe.

Baba alikuwa amekula kiapo mbele ya familia: siku masikio yatakapomtupa mkono, selo ataiweka chini na hataishika tena. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia. Baba Mdogo ndiye aliyezidi. Kila kaka yake alipokosea, yeye alilegeza nyuzi za fidla zimfuate, maana kumsahihisha mkubwa wake aliona ni utovu wa adabu. Heshima ya ajabu hiyo. Mazoezini ilipita, kwa sababu piano ya nyumbani nayo ni kuukuu na imelegea. Hii ya maktaba ilikuwa imerekebishwa juzi, na piano haimwonei mtu haya.

Sasa Kitinda akamwona Baba Mdogo akizishusha nyuzi zake kimyakimya. Akamkazia macho. Baba Mdogo akatazama dari.

Mtu wa mstari wa mbele akakohoa. Baba akainua upinde.

Wakianza hivi, aliwaza Kitinda, ukumbi mzima utajua, na baba atakuwa wa mwisho kujua. Hilo ndilo lililomwinua. Alizunguka piano, akainama sikioni mwa baba yake.

"Baba, nyuzi zako ziko chini. Hata nyumbani huwa ziko chini."

Baba akashusha upinde. Kitinda alijuta papo hapo, akatamani kuyameza maneno yake.

"Najua tangu mwaka jana," baba akasema taratibu. "Masikio yamechoka, lakini nyuso zenu naziona. Nilikuwa nangoja nijue nani bado ananiheshimu kiasi cha kuniambia."

Akamsogezea shingo ya selo. Kitinda akakaza nyuzi zote nne mbele za watu, huku Baba Mdogo akihangaika kuzirudisha za kwake.

"Basi leo ndiyo mara yangu ya mwisho," baba akasema. "Ile sehemu ya polepole, mwanangu, usinikimbize."

Dakika kumi zilikuwa zimeshapotea. Kitinda alirudi kitini, wakaanza. Walipofika sehemu ya polepole aliipiga polepole kuliko walivyowahi kuipiga, huku watu wakiinuka mmoja mmoja kurudi kazini.