Nyumba ya Gasenyi Yatembezwa Mjini

Jumanne hiyo Béatrice aliwasha jiko lake mbele ya lango la mzee Massoudi, kama kila asubuhi, akateleka karai la mafuta na kuanza kukata maandazi. Unga ulikuwa umeumuka vizuri ingawa haukuwa na utamu wa kutosha. Ulikuwa mwaka wa 1997, nchi ilikuwa chini ya vikwazo, na sukari ilifika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwa kuvushwa ziwa kwa siri. Alipoinua macho baada ya kuopoa andazi la kwanza, nyumba yake ilikuwa imesimama ng'ambo ya barabara.

Alikuwa ameiacha kule Gasenyi, kaskazini mwa mji, miaka miwili nyuma, sufuria ya maharage ikiwa bado motoni. Watu wa aina yake walikuwa wakifukuzwa mitaa ile, kama vile watu wa aina nyingine walivyokuwa wakifukuzwa mitaa mingine. Buyenzi hawakumuuliza yeye ni wa aina gani. Massoudi alimuuliza tu kama kahawa anaitaka na tangawizi au bila tangawizi, na alipojibu, akamwonyesha chumba cha uani.

Nyumba ilikuwa na vumbi hadi madirishani. Kona moja ya bati ilikuwa imepinda, huenda kwa kugonga nguzo ya umeme njiani. Béatrice aligeuza maandazi kwanza, kwa sababu yangeungua, kisha akavuka barabara na kufuta kizingiti kwa upindo wa kitenge. Maandishi ya msumari yalikuwa bado yapo kwenye saruji: *Sébastien na Béatrice, 1984*.

"Umechoka," akaiambia.

Massoudi, ambaye ni makanika, alitoka na spana mkononi akaizunguka nyumba kama anavyozunguka gari lililoletwa kwa kuvutwa.

"Mama Béa, hii iko yako?"

"Iko yangu, mzee."

"Imepaki vibaya. Taksi ya Twahiru haitapita."

Nyumba ikasogea ukutani.

Kufikia adhuhuri muuza kahawa alikuwa amehamishia birika lake kwenye baraza ya nyumba, kwa kuwa baraza ile ilikuwa pana na ilipata kivuli mapema. Baada ya sala ya alasiri wazee walikuja wakakaa, wakalalamikia bei ya petroli, na wakakubaliana kwamba ni baraza nzuri. Béatrice alikaanga maandazi yake papo hapo. Watu walimpongeza kama mtu aliyetembelewa na binti aliyeolewa mbali.

Yasmina, binti wa Massoudi, alirudi jioni akaikuta. Yasmina alikuwa na diploma ya historia lakini hakuwa na shule ya kufundisha, basi kila Jumamosi aliwatembeza mjini wageni wa mashirika waishio Kinindo, watu ambao Bujumbura waliijua kupitia kioo cha gari. Aliwaonyesha majengo, akawalisha vya barabarani, akawarudisha kabla amri ya kutotoka nje haijaanza. Aliitazama nyumba kwa muda mrefu. Alipapasa nondo za dirisha, zilizokunjwa mfano wa maua. Alipapasa ile kona ya mbele, ambayo haikuwa na ncha bali ilizunguka kama shavu.

"Mama Béa, marehemu mumeo alifanya kazi wapi?"

"Mjini kote. Sébastien alikuwa mwashi. Alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mwiko wake tu, hata shati la kubadilisha hakuwa nalo. Jengo lolote likitengenezwa, aliitwa. Na kila alipomaliza kazi, alirudi nyumbani na kitu."

"Kitu gani?"

"Kilichobaki."

Yasmina akacheka hadi akakaa chini. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa kwa kilichobaki.

Alhamisi mchana alikuja mwanamume aliyevaa koti juu ya pajama. Jina lake lilikuwa Léonce. Alisimama mbele ya nyumba, akavua kofia, akaangalia huku na huku kama mtu aliyempata ng'ombe wake katika boma la jirani. Muuza kahawa alimpa kikombe bila kumuuliza kitu. Léonce akaketi barazani, kando ya karai la Béatrice.

"Mama, samahani. Hii nyumba, mi nilikuwa nalala ndani."

"Nimeona. Umeipaka kijani."

"Haikupendezi?"

"Inaonyesha uchafu."

Léonce akakubali kwamba inaonyesha uchafu.

"Ilikuacha namna gani?" Béatrice aliuliza.

"Kitandani, mama. Nafungua macho naona mawingu. Nikasema, wameiba bati. Kugeuka nione ukuta, apana ukuta. Jirani ananiambia bonjour, na mi niko katika pajama. Nguo zote ziko mu kabati, na kabati iko humu."

"Na ya kwako iko wapi? Nyumba yako mwenyewe?"

"Ya kwangu walichoma. Ingekuwa na miguu ingenifuata." Akapuliza kahawa yake. "Nilifukuzwa mimi pia, mama. Kule kwingine."

Béatrice akamwongezea andazi.

Léonce hakuja kugombana. Alikuja kusema kwamba jana yake mtu mkubwa alifika Gasenyi akiwa na mita na kigari kizuri, akakipima kiwanja kutoka mti hadi mti. Alisema hapana nyumba, kwa hiyo hapana mwenyewe. Alitaka kuweka bohari ya bia. Jumatatu angeshusha matofali.

"Ana haki?" Yasmina aliuliza.

"Haki hana," Massoudi alijibu badala ya Léonce. "Nafasi anayo. Siku hizi nafasi inatosha."

Hapo ndipo Béatrice alipoacha kukaanga. Alisogeza karai kando, akatazama kizingiti na lile jina. Wazee wa barazani walimshauri anyamaze na kushukuru. Ana paa sasa, na liko Buyenzi kwenye amani. Béatrice alisema paa analo, lakini limesimama barabarani kwa watu. Vita vitaisha siku moja, na siku hiyo ataulizwa ardhi yake iko wapi. Atajibu nini? Kwamba iko chini ya makreti ya bia? Jina likikaa pale pale alipoliandika Sébastien, hata kama kitanda cha ndani ni cha mwingine, litakuwa limekaa.

"Nyumba bila kiwanja ni sanduku," alisema. Akaigeukia nyumba. "Rudi."

Nyumba ilijishusha chini kwa kishindo. Mlango ukajifunga, na mapazia ya Léonce yakajivuta.

"Imenuna," Massoudi alisema.

Ijumaa, baada ya sala, walijaribu kuivuta kwa kamba na pikapu. Petroli ilikwisha, nyumba haikusogea. Massoudi aliipiga ngumi ya kirafiki ukutani, akasema amewahi kukutana na malori ya namna hii.

"Haiwezi kuvutwa," Yasmina alisema. "Kesho ni Jumamosi. Itembezwe hadi daraja la Ntahangwa, Léonce aingoje ng'ambo."

Asubuhi wageni wa Kinindo walifika, Yasmina akawajulisha kwamba leo watakuwa na nyumba. Mmoja aliuliza kama ina kibali. Yasmina alimjibu kwamba nyumba ilikuwa nchini kabla ya shirika lake. Mwingine aliomba itembee nyuma, isimzibie picha. Béatrice alitangulia na beseni la maandazi ya moto kichwani, na harufu ilipovuka barabara, mapazia yalifunguka kidogo. Nyumba ikainuka. Ikaanza kutembea kwa msingi wake, taratibu, ikijitupa huku na huku kama bata.

Yasmina alizungumza na wageni kwa Kifaransa na nyumba kwa Kiswahili, kwa kuwa Sébastien aliijenga akizungumza Kiswahili.

Kituo cha kwanza kilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa Kiomani, yenye ua katikati na mlango wa mbao nzito. "Hapa," Yasmina aliiambia nyumba, "ndipo ulipotoka mlango wako. Mbao zilikuwa za milango miwili, wakabadili mawazo." Mlango wa nyumba ukalia kwa bawaba, na ule wa Mwomani ukaitika.

Katika Mtaa wa Wahindi walisimama chini ya roshani iliyochakaa, wakala sambusa. Mwenye duka alitoka, akapachika miwani, akaziendea nondo za dirisha.

"Maua yangu haya! Nimeyatafuta tangu mwanangu wa kwanza hajaoa!"

"Yalibaki, bwana," Béatrice alisema.

"Yalibaki vipi, na mimi roshani yangu ina pengo? Tazama pale juu, mama, tazama!"

Wote walitazama. Pengo lilikuwepo. Mwenye duka alishika nondo moja, akaitikisa, akaona imefungwa imara kuliko zake. Alisema fundi yule alikuwa mwizi mwenye mkono mzuri. Kisha akaagiza ndoo ya maji waoshe vumbi la madirisha, maana maua ya duka lake hayawezi kupita mjini yakiwa machafu hivyo.

Kwenye duka la Mgiriki, lenye kona ya duara, nyumba ilijisogeza yenyewe. Iliweka kona yake kando ya ile kubwa, ikakaa kimya, kama mtoto anayepimwa urefu na babu yake. Yasmina aliwaeleza wageni kuhusu Wagiriki, pamba na kahawa, na mtindo wa kujenga pembe bila ncha. Nyumba ilisikiliza hadi mwisho. Mbele kidogo, kwenye ofisi ya zamani ya Wabelgiji, upepo wa ziwa ulipita katika matofali ya matundu ya ofisi, kisha ukapita katika yale ya jikoni kwa Béatrice, kwa mluzi ule ule.

Sokoni walikula ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga na pilipili, kwenye karatasi. Katika mtaa wa Bwiza walikula brosheti za nyama na ndizi za kuchoma, na wageni wakasema hawakujua kama mji una haya. Yasmina alisema wanaodai mji huu hauna cha kuonwa ni wale wasioinua macho na wasiofungua mdomo. Béatrice naye alitembea na mkono kwenye nguzo ya baraza. Mara mbili tatu alionekana akicheka. Alikuwa hajawahi kuambiwa yote hayo. Sébastien alipoulizwa kitu kimetoka wapi, alijibu tu kwamba kilikuwa kinateseka.

Daraja la Ntahangwa lilikuwa na bariyeri, mti uliolazwa kuzuia njia, na wanajeshi. Béatrice hakuwa amevuka mto huo tangu siku ya maharage; watu wa aina yake hawakuruhusiwa kurudi. Wageni waliambiwa wakae nyuma. Ng'ambo alionekana Léonce, amesimama na koti lake na pajama, akisubiri kabati.

"Hii inaenda wapi?" mwanajeshi aliuliza.

"Gasenyi, shefu."

"Iko na mutu ndani?"

"Hakuna mutu."

Mwanajeshi alichungulia dirishani, akagonga ukuta kwa kitako cha bunduki, akashuka hadi kizingitini. Alisoma kwa sauti, polepole.

"Sébastien na Béatrice. Hawa ni nani?"

Yasmina alifungua mdomo. Kwa kila jiwe la mji huu alikuwa na maelezo, lakini Béatrice akamshika mkono. Mwanajeshi akawatazama wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Ni mafundi, shefu," Béatrice alisema. "Mafundi wanapenda kuandika."

"Na mwenyewe?"

Béatrice alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo.

"Yule pale."

Mwanajeshi alimtazama yule mtu wa pajama, akatikisa kichwa, akainua mti wa bariyeri.

"Ipite. Pole pole, daraja ni la watu wote."

Nyumba haikusogea. Ilikuwa imesikia, maana ukuta husikia kila kitu. Béatrice akaweka andazi la mwisho kwenye kibaraza cha dirisha, akaegemeza paji la uso kwenye nguzo.

"Nenda ukakae pale," aliiambia. "Usimwangushie bati. Hana pengine pa kwenda."

Nyumba ikaondoka. Iliingia darajani kwa upana wake wote, na waendesha baiskeli waliotoka kaskazini na mikungu ya ndizi wakashuka, wakasubiri, wakapita. Ng'ambo ya mto ilisimama mara moja tu. Léonce akafuta miguu kizingitini, juu ya maandishi, akaingia kwa mlango wa mbele. Kisha ikapanda barabara ya kaskazini, na kutoka darajani waliiona kwa nyuma, mlango wa jikoni ukipigapiga kwa mwendo.

Béatrice akaweka mikono mdomoni.

"Léonce! Mlango wa jikoni! Unauinua kidogo, ndipo unafunga!"

Léonce akatokea kwenye mlango wa jikoni, ndani ya nyumba inayokwenda, akampungia mkono kwa heshima.

"Najua, mama!"

Akauinua kidogo, akaufunga.