Aliyezikwa Huingia kwa Paa

Ndyamukama aliliona kaburi lake kabla hajaiona nyumba ya baba yake. Lilikuwa pale kibanjani, katikati ya migomba, udongo umeshashikana na majani yameanza kuota juu yake, naye akasimama mbele yake na mkoba wa jeshi begani, asijue avue kofia au acheke. Ndani hamkuwa na mtu. Ukoo ulikuwa umekata mgomba, ukauvisha shuka, ukauzika na kuulilia, kwa sababu mkuu wa kijiji alikuja Kituntu na habari kwamba mtoto wa Mzee Byarugaba amepotea vitani Burma na jeshi limekata tamaa naye. Jeshi likikata tamaa, baba mtu afanye nini?

Sasa vita vilikuwa vimekwisha, na mwenye kaburi amerudi kwa miguu yake mwenyewe, kakonda kama ufito, homa za msituni na hospitali ya India bado zimemkaa machoni. Njia nzima alikuwa akiwaza jambo moja tu: mkewe Kemigisha. Aliiharakisha miguu.

Hakufika mlangoni. Shangazi yake Kokugonza, dada mkubwa wa baba yake, alimwona, akapiga yowe la hofu, kisha akajikusanya upesi na kusimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

“Simama hapo hapo! Wewe umezikwa. Mtu aliyezikwa hapiti mlangoni kama anayetoka kuchuma kahawa.”

“Shikamoo, shangazi.”

“Sipokei shikamoo ya marehemu.”

Ndivyo alivyokuwa Kokugonza. Neno likimtoka limeshaiva, wewe kazi yako ni kulila. Alitoa hukumu yake palepale uani, na mzee Byarugaba, aliyejawa na furaha na woga pamoja, akatikisa kichwa kukubali. Paa la msonge litobolewe kileleni. Marehemu apande juu, aingize miguu tunduni, ajiachie, aangukie karibu na jiko kama mtoto anavyoangukia mikononi mwa mkunga. Hakuna ngazi ndani, maana mtoto hazaliwi kwa ngazi. Mkewe amwoshe uso, na hapo ndipo atakapokuwa hai. Yote yawe yamekwisha kesho kabla jua halijapinduka. Akishindwa, basi huyo ni mzimu uliokuja na sura yake, na Kemigisha atakwenda kwa Pastory, mdogo wa marehemu, kama ukoo ulivyokwisha kuamua baada ya matanga.

Wako waliosema mila hiyo hawajapata kuisikia Karagwe nzima. Katekista alisema ni ushenzi mtupu, ila alisema akiwa mbali kidogo na Kokugonza. Ndyamukama akageukia mlango. Aliona vidole vya Kemigisha tu, vimeshika fito za ukingo.

“Kemi, nifungulie.”

“Nimekulilia hadi sauti ikanikauka,” akajibu Kemigisha kutoka gizani. “Ukiingia kwa njia ya mkato watasema nalala na mzimu, na watayasema mpaka siku ya kufa kwangu. Ingia wanavyotaka, mume wangu. Tafadhali.”

Basi alilala bandani, kwenye kahawa iliyokauka, na asubuhi vijana wakapanda kufungua paa. Wanaume, ambao usiku aliwasimulia juu juu habari za ndege, wakanywa rubisi na kumpigapiga mgongoni. “Huyu aliruka kutoka kwenye ndege! Kwake paa ni kama kuruka mfereji!” Ndyamukama alicheka pamoja nao. Kuruka alijua. Ni kwa sababu alijua ndiyo maana alitamani jua lisimame.

Tena palikuwa na jambo jingine la kumkosesha raha. Mama Kahigi alikuwa amekuja kutoka Ihanda, alfajiri yote hiyo, na kahawa ya kutafuna aliyoifunga kwenye jani la mgomba. Mwanawe Kahigi na Ndyamukama waliandikishwa jeshini siku moja. Kwa Kahigi nako habari zilikuwa zilezile, kwamba amepotea. Lakini mama huyu alikuwa amekataa katakata mgomba usikatwe, na majirani wakachoka kumshauri.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nikuone.” Akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama sana. “Maliza shughuli yako kwanza. Nami nina swali langu, litangoja.”

Ndyamukama akaitazama mikono yake mwenyewe. Angeweza kumjibu hapo hapo. Lakini akajiambia kwamba mtu ambaye bado ni marehemu hana kauli, akaikimbilia ngazi kama mwizi.

Alipanda, na Pastory akapanda nyuma yake, maana Kokugonza alitaka awepo ndugu wa kumshikilia asiteleze. Nyasi za paa zilikuwa kavu na laini. Alipofika kileleni aliketi ukingoni mwa tundu, akaning'iniza miguu ndani. Chini aliona giza, na moshi ukipanda polepole, na pembeni mwa jiko lundo la majani makavu ya migomba waliyomtandikia. Hapakuwa mbali. Mtu mzima mwenye akili zake angeruka, akajikung'uta, akaomba chakula. Yeye akazishika nyasi za ukingo kwa mikono miwili.

Ndani ya ndege ile hapakuwa na viti. Yeye na Kahigi walikuwa wasukuma mizigo. Ndege ikifika juu ya msitu, wao husukumia nje magunia ya mchele na masanduku ya risasi yaliyofungiwa miavuli, yawaangukie wenzao waliokuwa wakisonga mbele kuivamia Burma. Siku hiyo wakaambiwa mizigo ni watu. Kikosi cha mbele kimezingirwa mlimani, wabeba risasi wake wamekufa, wanatakiwa askari wa kushuka kwa mwavuli. Kahigi alinyoosha mkono bila kufikiri. Ndyamukama akanyoosha wake kwa aibu ya kubaki. Walifundishwa harakaharaka, zaidi kwa maneno, na kila mtu akakubali kwamba ameelewa.

Mlango ulipofunguliwa upepo uliingia na kunyakua hata mate mdomoni. Msitu ulikuwa chini, wa kijani, unatoa moshi hapa na pale, na ilikuwa vigumu kuamini kwamba moshi ule ni wa watu wanaouana. Zamu ya Ndyamukama ikafika. Miguu ikagoma. Sajini alipiga kelele, lakini miguu haikujua Kiingereza wala Kiswahili. Ndipo mkono wa Kahigi ukatua mgongoni mwake, kwa upole tu, na sauti ikamwambia sikioni kwa Kinyambo: “Tangulia. Mimi nipo nyuma yako.”

Akaenda. Mwavuli ulimdaka mabega kwa nguvu, risasi zikaanza kulia kutoka mitini, naye badala ya kutazama chini kama alivyofundishwa, alitazama juu kumtafuta mwenzake. Mwavuli wa Kahigi ulikuwa umetoka, lakini haukufunguka. Ulikuwa umejisokota. Kahigi akampita hewani, karibu kabisa, macho wazi, mikono ikihangaika na kamba, na kinywa kikisema jambo ambalo upepo ulilichukua. Aliyekuwa nyuma akatangulia kufika.

“Vipi huko juu?” Kokugonza aliita kutoka uani. “Jua halikungojei wewe!”

Uani kelele za ulevi zilikuwa zimekatika. Sasa watu walikuwa wakinong'ona, na kunong'ona kwa watu wengi ni kubaya kuliko kelele. Mzee Byarugaba alikuwa ameketi chini na kujifunika uso. Ndyamukama akajaribu kusogeza makalio mbele. Hayakusogea.

Ndipo mkono ukatua mgongoni mwake.

“Tangulia, kaka,” akasema Pastory taratibu. “Mimi nipo nyuma yako.”

“Toka!” Ndyamukama alipiga ukelele uliomtisha hata yeye. “Toka nyuma yangu! Usiniguse!”

Uani kote walisikia, na watu wakisikia nusu ya neno hujitungia nusu iliyobaki. Mnong'ono ukapanda. Pastory anataka kumsukuma! Pastory anamtaka mwanamke! Mwanamume mmoja alishika fimbo akasogea penye ngazi. Pastory naye alikuwa ametoa mkono kama aliyeungua.

“Unanidhania hivyo mimi? Mimi niliyelichimba lile kaburi nikilia?”

“Sivyo, Pastory.”

“Basi ni nini? Nikishuka watasema nimekususa. Nikibaki watasema nataka kukuua. Niambie niende wapi!”

Ndyamukama alifumba macho. Alihisi jua utosini, limekaribia kabisa, na alijua kwamba asipolisema sasa atapoteza mke na ndugu kwa siku moja. “Mtu aliyekuwa nyuma yangu alikufa,” akasema. “Aliniambia maneno hayo hayo uliyoniambia. Nikiruka wewe ukiwa nyuma yangu, utakufa. Najua ni upuuzi. Lakini siwezi, mdogo wangu. Siwezi.”

Pastory alishuka ngazi mbele ya watu wote, akampita yule mwenye fimbo bila kumtazama, akaenda kuketi kando ya baba yao. “Nimeshashuka, kaka!” akaita kwa sauti. “Huko juu huna mtu nyuma!”

Ndyamukama akageuza shingo. Nyasi tu, na mbele yake vilima vya Karagwe, na anga tupu. Kutoka chini ya miguu yake akamsikia Kemigisha, si kwa sauti kubwa.

“Naziona nyayo zako. Zimepasuka. Njoo nizioshe.”

Akajiachia.

Aliangukia majani kwa kishindo, goti likagonga jiwe la jiko, majivu yakamwingia kinywani, na kabla hajajua kama yu mzima Kemigisha alikuwa ameshampakata kichwa, akimwosha uso kwa maji ya mtungini na machozi yake, haijulikani kipi kilikuwa kingi. Vigelegele vikapasuka. Kokugonza aliingia akicheza, mwili mzima, akitangaza kwamba mtoto ni wa kiume. Mzee Byarugaba aliingia akiegemea bega la Pastory, na Ndyamukama akamvuta mdogo wake kwa shingo, wakabaki hivyo, na mwenye fimbo akaona heri aende kutafuta rubisi. Alikuwa hai. Mke alikuwa wake.

Mama Kahigi aliingia wa mwisho. Aliketi juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, akafungua jani lake, akampa kahawa, naye akaipokea kwa mikono miwili. Kisha yule mama akainua uso kutazama tundu la paa, na mwanga uliokuwa ukishuka ndani.

“Kumbe ndivyo mnavyorudi,” akasema, na uso wake ulikuwa umejaa matumaini kiasi kwamba wanawake waliokuwa karibu wakaacha kupiga vigelegele. “Nimekwisha kuwatuma vijana kule Ihanda walifungue paa langu. Sasa niambie, mwanangu. Kahigi yuko nyuma yako?”

Ndyamukama akaacha kutafuna.

“Alikuwa nyuma yangu, mama,” akasema Ndyamukama. Kahawa ilikuwa imekwama shavuni. “Waambie vijana waache. Nilimzika mimi mwenyewe, kwa mikono hii.”

Mama Kahigi hakupiga yowe. Aliitazama ile mikono, akaishika, akaigeuzageuza kama anayetafuta udongo kwenye kucha.

“Ulimlilia?”

“Sikuweza. Maadui walikuwa karibu, wangesikia.”

“Kwa hiyo mwanangu hajaliliwa na mtu.”

“Hapana, mama.”

“Hapa hakuna adui,” akasema Mama Kahigi, akamsogelea na kumkumbatia. Ndyamukama akafungua kinywa akalia kwa sauti kubwa, ikasikika mpaka kibanjani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.