Pikipiki Inataka Mguu

Kaka yangu alileta mnunuzi kabla hata sijakubali kuuza pikipiki. Mnunuzi mwenyewe alikuwa Kiki Moja, fundi pikipiki wa mtaani kwetu, yuleyule aliyetangaza kwamba stata, ile mota ya kuiwasha kwa kitufe, imekufa na haifufuki. Yaani aliyetoa habari ya msiba ndiye aliyekuja kudai urithi!

Pikipiki ile baba aliniachia mimi, kwa mdomo wake, mama akisikia. Ndiyo kazi yangu yote. Mimi ni fundi, si wa kushona bali wa cherehani zenyewe. Nazunguka na begi la spana nikitengeneza mashine za watu majumbani mwao. Tangu nilipoteleza bafuni na kutiwa chuma kwenye goti la kulia, kuendesha naweza, kupiga kiki, yaani kuikanyaga iwake, siwezi. Stata ikifa, nami nimekaa.

"Mdogo wangu, tusidanganyane," kaka alisema, kaikalia pikipiki yangu utadhani kochi la kwake. "Pikipiki inataka mguu. Wewe pumzika tu, wateja watakuletea cherehani hapa hapa."

Akufukuzaye hakwambii toka. Kaka yangu aliniambia pumzika.

"Wazibebe kichwani, na meza zake?" nikamuuliza.

"Stata za pikipiki kuukuu ni pambo," Kiki Moja akadakia. "Mimi kila inayokuja naing'oa. Kiki moja tu, imewaka!"

"Kwa goti la nani?"

Mama alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Kaka akasema Jumamosi wataifuata. Nikawaambia waje, mlango wanaujua.

Nilikuwa na hasira, na mkono wenye hasira haufai kushika nati. Nikaosha vyombo kwanza. Halafu nikachomoa waya za betri, nikafungua stata, nikaiweka mezani juu ya gazeti. Mota ni mota. Ile ya cherehani ya umeme ni mdogo wake tu. Ndani kulijaa vumbi jeusi. Kaboni moja, kile kijiwe kinachopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka, ilikuwa imelika ikaisha. Ya pili ilikuwa imekwama kwenye uchafu. Maiti gani hiyo? Hakuna aliyewahi kujisumbua kuifungua.

Muuza vipuri alinitolea kaboni mpya kutoka kwenye kopo la nyuma kabisa. "Haziulizwi siku hizi," alisema. "Kiki Moja kashawazoesha watu kiki."

Nikasugua shaba kwa msasa laini mpaka ikang'aa, nikapitisha sindano ya cherehani katika mifereji yake, nikafuta, nikafunga kila kitu mahali pake. Nikabonyeza kitufe.

Ta.

Ta tu, basi. Nilitoa tusi moja zito.

"Mwanangu, ulimi huo!" mama akasema kutoka dirishani.

Nikalia kidogo, wala sioni aibu kulisema. Kisha nikajiuliza: umeme unaingia, sasa unarudi kwa njia gani? Nikaufuata waya wa betri unaofungwa kwenye injini. Chini ya nati yake palikuwa na kutu tupu. Nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza. Nilipobonyeza tena, injini iliitikia.

Jumamosi walinikuta nimeshavaa kofia. Nikabonyeza, ikawaka.

"Bahati hiyo," kaka alisema.

Nikazima, nikawasha.

"Betri ina moto leo," Kiki Moja akasema. "Kesho je?"

Nikazima, nikawasha, huku nikimtazama usoni. Akaanza kuchunguza kucha zake.

Basi nikazima tena, nikashuka, nikachukua spana. Nikafungua ule mkono wa kiki, nikauchomoa, nikamkabidhi kaka. Aliupokea bila kujua anaupokelea nini.

"Una wazimu? Ikikugomea njiani?"

"Nitaifungua tena, kama nilivyoifungua juzi. Ulisema pikipiki inataka mguu, kaka. Ya kwangu haitaki. Huo ndio wa kuuza. Mnunuzi wako huyo hapo."

Mama alikuwa ameshafungua geti, pande zote mbili. Nikafunga begi langu kwenye kiti cha nyuma, nikabonyeza kitufe, nikaenda kazini.