Tishu Ndani ya Suruali

Fumie Kuwahara alifungua mashine ya tatu, akavuta sweta la kwanza, akabaki amelishika hewani. Lilikuwa la buluu iliyokoza. Sasa lilikuwa kama limelala kwenye unga. Akavuta la pili, la tatu. Yote kumi na mawili ya kwaya ya wazee yalikuwa vilevile, chembe nyeupe zimeng'ang'ania nyuzi kama kupe.

"Nimekwisha," alisema peke yake.

Zamani nyumba hii ya wazee, nje kidogo ya mji wa Takasaki, ilikuwa na wafuaji watatu. Mmoja alistaafu, mwingine akaumia mgongo, na hakuna aliyeajiriwa badala yao. Wazee arobaini na sita, mfuaji mmoja. Asubuhi ile hakukagua nguo kabla ya kuziingiza.

Meneja Domoto alitokea mlangoni kana kwamba amenusa.

"Nini hiki?"

"Tishu, bwana meneja."

"Naona ni tishu, mimi si kipofu. Saa nane maafisa wa manispaa wanaingia hapa, wazee wawaimbie. Niwavalishe nini, manyoya ya kuku?"

"Nitayasafisha."

"Na ukimjua mwenye tishu, niletee jina na namba ya chumba. Nalibandika ubaoni. Watu wazima hawa, lazima wajifunze."

Fumie aliyakung'uta masweta dirishani, akayaingiza kwenye mashine ya kukaushia, akawa anaisimamisha kila baada ya dakika kumi kuchomoa chujio lililojaa utando mweupe. Yalipokauka, alivaa soksi ndefu ya nailoni mkononi, akaanza kusugua kuelekea upande mmoja, sweta moja baada ya jingine. Mgongo ulimuuma.

Alipofika la tano alikumbuka suruali ya kahawia iliyobaki ndani ya mashine ya kufulia. Akaitoa, akaipindua nje ndani. Mifuko ilikuwa mitupu. Tishu zilikuwa katikati ya miguu, mabaki ya tabaka nene lililokunjwa kwa uangalifu na kushikizwa kwa pini mbili. Kwenye mkanda palishonwa jina: Inagaki.

Fumie akakaa juu ya ndoo.

Mzee Inagaki wa chumba 208 alikuwa ameendesha treni miaka thelathini na minane. Hakuna aliyewahi kumwona hajachana nywele. Wiki iliyopita alikuja kwenye dirisha la stoo, ambako Fumie pia ndiye mgawaji, akainama na kunong'ona: "Samahani, Bi Kuwahara. Kile kitu... hakuna cha ziada?"

Fumie alikuwa na haraka. Wazee wenzake walikuwa wamepanga foleni ya chai nyuma yake. Akajibu kwa sauti, tena bila kuinua macho: "Nepi ni tatu kwa siku, Mzee! Bei imepanda. Si imeandikwa hapo?"

"Ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nauliza tu."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Fumie naye, sasa alikumbuka, alitabasamu.

Aliung'oa uchafu ule kwa kucha, akatoa pini, akaifua suruali upya kwa mkono. Bado alikuwa anaisuuza aliposikia mtu akikohoa mlangoni.

"Bi Kuwahara," alisema Mzee Inagaki. "Ile suruali yangu ya kahawia..."

"Haijakauka, Mzee. Nitakuletea."

"Sikuacha kitu mfukoni?"

"Mifuko ilikuwa mitupu."

Mzee aliyatazama masweta, akaitazama ile soksi ya nailoni iliyowekwa kando, nyeupe tupu. Masikio yakamwiva. Akainama chini sana, chini kuliko mtu wa umri wake anavyopaswa kumwinamia yeyote, akaondoka akishika ukuta. Fumie akaikamua suruali, akarudi kwenye masweta.

Saa nane wazee waliimba. Maafisa walipiga makofi, wakahesabu vizima moto, wakasifu masweta, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza habari za nepi.

"Haya, jina," alisema Domoto jioni, kalamu mkononi.

"Kuwahara."

"Hatuna mzee anayeitwa Kuwahara."

"Ni mimi. Pakiti ya tishu ilikuwa kwenye aproni yangu."

"Wewe? Miaka kumi na moja hapa?"

"Nilisahau."

"Basi kesho kwenye mkutano wa asubuhi utawaomba radhi wote."

Kesho yake Fumie alisimama mbele ya wafanyakazi kumi na saba, akainama mpaka akaona ncha za viatu vyake. "Kwa uzembe wangu nimewasumbua wote. Nisameheni." Wahudumu vijana walitazama sakafu. Uso ulimchoma, lakini ilikuwa aibu inayobebeka. Ilikuwa na maneno yake na siku yake, na ikapita. Ile ya dirisha la stoo haikuwa na mkutano wa kuiombea radhi.

Akashuka stoo. Alifungua daftari la ugavi, akatafuta mstari wa chumba 208. Kwenye safu ya nepi, mahali ambapo kila siku aliandika tatu, aliandika sita, kwa tarakimu kubwa inayosomeka. Meneja hukagua daftari hilo kila Ijumaa. Fumie alitoa muhuri wa jina lake, ambao ndio saini yake, akaupulizia pumzi, akaugandamiza pembeni mpaka wino mwekundu ukapenya ukurasa wa pili.