Jumatano za Olga

Binti yangu alicheka. Nilikuwa nimeinamia mbabula, napuliza makaa, nikasikia kicheko chake nyuma ya ukuta wa jikoni, kile cha zamani kinachoanzia puani. Tangu tulipotoka makaburini Merdi hakuwa amecheka hivyo. Niliacha moto, nikajifuta mikono kwenye kitenge, nikachungulia.

Alikuwa ameegemea ukuta upande ule ambako réseau hushika vizuri, ameinua simu yangu mbele ya uso. Ndani ya simu mlikuwa na msichana mwenye mwanya, pazia la njano nyuma yake. Na mwanangu anamwambia: "Emery alikuwa anafunga macho akikula bugali na mboga tupu, anasema yeye iko ku mariage, anakula nyama."

Emery. Jina la mwanangu wa kiume. Nyumbani kwetu Rugenge hakuna aliyekuwa amelitamka tangu tulipomzika, na sasa dada yake analigawa kwa mtu wa Bukavu, na mtu wa Bukavu anacheka.

Niliona wivu. Nimejaribu baadaye kuutafutia jina la heshima, nikashindwa. Nilirudi jikoni nikakoroga bugali mpaka ukawa mgumu, hakuna aliyeweza kuula.

Mto ndio uliomchukua Emery. Mito yetu hushuka mlimani bila kupiga hodi: mvua inanyesha huko juu, mjini jua linawaka, na ghafla maji yanafika yakisukuma mawe. Merdi na mdogo wake walikuwa wanavuka, wametoka shule. Wanaume walimvuta Merdi wakamtoa. Emery tulimpata chini, mto unapoingia ziwani.

Kwenye kilio wamama wa chorale, kwaya ya kanisa, walimkalisha Merdi katikati yao. Kila alipofungua mdomo walimpapasa mgongo: "Nyamaza, mwana. Utamuumiza mama." Walikuwa wema, na kwetu ndivyo inavyofanyika. Jina la mtoto aliyekufa huliweki masikioni mwa aliyemzaa. Baba yao, Jean-Marie, alirudi Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nilifunga nguo za Emery kwenye gunia, nikalipeleka kwa dada yangu Georgette, na Merdi akanyamaza kama alivyoambiwa. Alinyamaza vizuri mno. Alikuwa anateka maji, anafua, anaenda shule, na kwenye sahani anachezea chakula kwa kidole. Mimi nilidhani ananihurumia. Nami nilinyamaza kwa kumhurumia yeye.

Kisha infirmière, muuguzi wa shule, aliwapa wanafunzi namba ya watu wanaosikiliza vijana kupitia simu, kwanza kwa maandishi, halafu, mtoto akipenda, kwa video. Merdi aliniomba ruhusa kwa sababu simu ilikuwa moja tu nyumbani, yangu. Nilifikiri ni mambo ya sala. Nikasema sawa. Kila Jumatano akitoka shule, Olga, yule wa Bukavu mwenye mwanya.

Baada ya kicheko kile nilianza vita. Jumatano moja nilimtuma maji saa ya Olga. Nyingine nilisahau kuichaji simu, na mimi huwa sisahau kitu. Niliwasha redio kwa sauti karibu na ukuta. Merdi hakulalamika hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi, maana mtu akigombana nawe angalau anazungumza nawe. Usingizini nilimwona yule msichana na mwanya wake. Kucha safi, nilijisemea. Hajawahi kunusa ndagala. Hajazaa hata paka.

Jumatano iliyofuata niliondoka na simu. Niliiweka kifuani nikashuka ziwani, nikaanika ndagala, dagaa zangu za kuuza, kwenye mchanga kama siku zote. Ilipolia niliitazama ikilia, kisha nikapokea. Uso wake ukajaa kioo.

"Mama Merdi," alisema. Alinitambua mara moja. "Jambo, mama."

"Merdi haiko."

"Sawa, mama. Nitapiga tena."

"Ngoja kwanza. Anakuambiaka nini?"

Nilikuwa nimemtengenezea uso wa dharau, lakini huu ulikuwa uso wa mtoto wa watu, umechoka.

"Ile anasemaka na minye ni yake, mama. Siwezi kukuambia."

"Hata minye mama yake?"

"Hata weye mama yake."

"Minye njo nilimuzaa," nikasema, na sauti ikanipanda hadi jirani yangu Anne-Marie akaacha kugeuza ndagala zake. "Nilibazaa bote wawili. Juu ya nini anachekaka na weye, na minye hapana?"

Nilitaka ajitetee nimrarue. Hakujitetea.

"Weye, mama," akauliza taratibu, "Emery, unasemaka juu yake na nani?"

"Réseau iko mbaya," nikamwambia, nikakata. Réseau ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Siku hizi nikiwasikia wamama palepale ufukweni wakilalamika kwamba watoto wanaipa simu yale wanayomnyima mzazi, naendelea kugeuza ndagala zangu, simjibu mtu. Siku ile nilikuwa nimejaa hasira tu. Nilikuwa nikihesabu mali yangu. Olga ana ile hadithi ya bugali. Ana nini kingine? Kila Jumatano anaongeza, na mimi gunia langu la mwanangu nimelifunga, liko kwa Georgette.

Merdi alifika mbio, bado ana uniforme. Aliona simu kwenye mapaja yangu.

"Tantine Olga alipiga?"

"Alipiga."

Aliweka mfuko wake wa shule, akachuchumaa, akaanza kugeuza ndagala upande wa pili, kichwa chini. Nikamtazama utosi. Nikawaza: iko moja ambayo Olga hana. Hata wewe, Merdi, huna, na ukiitaka utaipata kwangu tu. Ndivyo nilivyowaza, kama mtoto anayeficha kipande cha muwa.

"Ile kuku Georgette alituleteaka Bonane, ku mwaka mupya," nilisema, "unaikumbuka?"

Akainua uso.

"Weye ulikuwa umeenda kwa bibi. Tulichinja kuku, mayai yake ikabakia. Emery..." Jina lilikwama. Nikalisukuma. "Emery aliyachukua yote akaingia nayo ku kitanda. Akaweka ingine ku kwapa, ingine ku tumbo. Namuuliza, 'Unafanya nini?' Anasema, 'Mama yabo mulimukula. Sasa mama yabo ni minye.' Akakatala kuamuka. Akakatala kukula. Asubuhi alikuwa amelalia yote, drap ya kitanda yote njano, analia, anasema ameua batoto yake."

Merdi alinitazama kana kwamba natoa pesa mdomoni. Kisha kicheko kikaja, kutoka puani. Akacheka, nami nikacheka, na Anne-Marie akatugeukia akidhani tumerukwa na akili. Nilishinda. Niliona kabisa kwamba nimeshinda.

Kicheko kilimwishia ghafla. Alishika ndagala moja, akaivunja, akaivunja tena.

"Mama, nilimuachia."

"Ulimuachia nini?"

"Mukono. Nilikuwa namushika. Kisha nikamuachia."

Maneno ya wamama wa chorale yalinijia yote tayari ulimini. Nyamaza, mwana. Yalikuwa mepesi kutamka. Lakini nilimwona yule mwenye mwanya akikaa kimya mbele ya pazia lake, akisubiri, na nikajua yeye asingeyasema. Nami sikukubali anishinde mara ya pili siku hiyo hiyo.

"Mukono gani?" nikauliza.

Akanyoosha wa kushoto. Nikaupokea, una magamba na mchanga na harufu ya kazi yangu, nikaufunga ndani ya yangu yote miwili. "Sema," nikamwambia. Akasema. Jinsi maji yalivyofika magotini, halafu kifuani. Jiwe lililompiga yeye bega. Jinsi Emery alivyomwita Yaya, dada mkubwa, si Merdi. Alisema yote, tukiwa tumekaa mchangani jua likituchoma, na bata wa Anne-Marie wakaingia kwenye ndagala zangu wakala walivyotaka. Sikuwafukuza. Mkono sikuuachia mpaka aliponyamaza mwenyewe.

Jumatano iliyofuata simu ilikuwa imejaa umeme. Mégas za intaneti nilinunua mimi. Ilipolia, Merdi alinitazama kwanza, asitie mkono.

"Chukua," nikasema. "Enda ku ukuta."

Akachukua. Alipofika mlangoni nikamwita.

"Merdi. Ile ya mayai, usimuambie."

Nilirudi kwenye mbabula, nikapunguza kupuliza, nikatega sikio mpaka mwisho. Hakumwambia.