Shimo la Kupimia Mvua

Shimo la kwanza nililikuta mwishoni mwa Agosti, asubuhi, nilipokwenda kumwagilia matembele. Lilikuwa katikati ya bustani, pale Bibi alipokuwa akipanda maharage yake. Shimo jembamba, upana wa mkono wa mtu, na udongo wake umerundikwa pembeni vizuri, kama unga kwenye ungo. Nilidhani ni panya. Nikalifukia. Kesho yake lilikuwepo jingine, hatua moja kutoka lile la kwanza. Niliingiza mkono. Chini yake niligusa mkono ulipozama hadi kiwikoni.

Hapo nikajua ni shimo gani, nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Bibi yangu Verediana ndiye aliyenilea hapa Buzebazeba, karibu na ziwa, na bustani hii ya nyuma ya nyumba ilikuwa yake. Kila kazi aliipa mwezi wake. Juni, mvua zikishakata, alihamishia mchicha na nyanya chungu karibu na pale tunapooshea vyombo, ili maji yasipotee bure. Julai alitandaza nyasi kavu juu ya matuta, jua lisiupate udongo. Agosti alichimba, akatia samadi ya mbuzi na majivu, akaacha hivyo hivyo. Septemba hakufanya chochote. "Septemba ni mwezi wa kukalia mikono," alisema. Maana Septemba huku kwetu inaweza kunyesha mara moja au mbili, mvua kubwa yenye radi, watu wakafurahi wakamwaga mbegu, halafu jua likarudi wiki tatu nzima na kubabua kila kilichoota.

Ndiyo maana Bibi alikuwa anapima. Baada ya mvua alichimba shimo akazamisha mkono. Unyevu ukiishia kwenye kifundo cha mkono, ni mvua ya kupita. Ukifika kiwikoni, mvua imeshika. Hata hapo alipanda nusu tu ya mbegu, na nusu akaibakiza kwenye kibuyu pamoja na majivu, juu ya meko. Na kila mbegu aliifunika kwa kiganja, akakandamiza polepole. Mimi nilipenda kufukia kwa mguu.

"Recho, huyo ni mtoto unamlaza," aliniambia. "Si mende unamponda."

Maharage yenyewe yalikuwa meupe yenye jicho jekundu, ya kutambaa kwenye miti. Sokoni huyapati. Yeye aliyapata kwa mama yake.

Mwaka jana mwezi wa Septemba alilazwa. Siku moja nilirudi nyumbani kumchukulia nguo, mvua ikanikuta njiani, kubwa, ya mchana. Ilipokatika nilipima. Unyevu uliishia kifundoni. Niliporudi wodini Bibi alinishika mkono, akaona udongo kwenye kucha.

"Umepima?"

"Nimepima, Bibi."

"Imeshika?"

Alinitazama kama mtu anayengoja kupewa maji. Tangu utoto wangu sijui kumwambia mtu hapana akiwa ananitazama.

"Imeshika."

Akafumba macho, akatabasamu. "Basi panda yote, mwana wanje, mwanangu. Usibakize. Nikirudi nikute yamepanda miti."

Kumwambia kwamba nimesema uongo kulihitaji maneno mengi, na mimi maneno mengi sina. Nikarudi nyumbani nikapanda yote. Kibuyuni yakabaki majivu. Yaliota siku ya sita, na siku ya saba jua likarudi. Mimi nilikuwa nalala hospitali, hapakuwa na wa kumwagilia. Nilipokuja tena nilikuta nyuzi kavu, nyembamba, zimelala kwenye udongo.

"Yameota?" Bibi aliuliza.

"Yameota, Bibi. Yanaanza kushika miti."

Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na bustani ambayo haikuwepo. Watu walipouliza habari za mbegu nilisema bungua waliingia kibuyuni.

Sasa mashimo yalikuja kila asubuhi. Nilifunga mlango wa ua kwa kamba. Jioni nilifagia bustani yote ili nione nyayo, na asubuhi nilikuta nyayo za kuku na zangu tu, na shimo. Nilizamisha mkono kila mara. Kukavu hadi chini.

Jirani yetu, Mzee Gervasi, aliniona nikifukia. "Recho, umepata dhahabu? Usitusahau bwana."

"Shikamoo, Mzee," nilisema, nikaingia ndani.

Katikati ya Septemba shangazi Eufrasia, binti wa Bibi, alikuja na bodaboda kutoka Gungu. Hata maji hakunywa.

"Mwaka huu nataka mbegu ya mama nipande kwangu."

"Bungua, shangazi..."

"Bungua, bungua. Mama kaweka majivu miaka arobaini, bungua hawajui hata njia ya kuja hapa. Kwako ndio wakafanya mkutano." Alikitikisa kibuyu, akakirudisha. "Kidahwe yupo Mama Ndayikeza. Alipotoka Burundi mama alimpa mbegu ile ile. Nenda ukaombe. Na unajua mbegu inavyoombwa."

Nilijua, na ndiyo sababu mwaka mzima sikwenda. Kwa wanawake wa kwetu, anayeomba mbegu anasema kwanza ya kwake ilikwenda wapi. Ukisema ililiwa na watoto wakati wa njaa, unapewa. Ukisema iliungua, au ilisombwa na maji, unapewa. Ukidanganya unapewa pia, lakini wanasema hiyo haioti.

Mama Ndayikeza nilimkuta uani kwake anatwanga isombe, majani ya muhogo. Ni mama mnene, mpole, kichwani ana kilemba cha kitenge. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni mjukuu wa Verediana. Aliacha mchi, akanishika mabega kwa mikono yenye majani.

"Nyumba yake inaendeleaje?"

"Ipo. Nimekuja kuomba mbegu."

"Ya kwenu ilikwenda wapi?"

"Bungua," nilisema.

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kinu. "Pole. Isombe nikishaipika utakula ndipo uondoke. Mbegu nitakufungia."

Alitwanga. Nilikaa kwenye kigoda nikihesabu mapigo ya mchi, nikifikiria lile shimo litakalokuwa linaningoja asubuhi. Nikafika hamsini na kitu nikapoteza hesabu.

"Si bungua," nilisema.

Hakuacha kutwanga, ila alitwanga taratibu zaidi. Nilimwambia nikitazama miguu yangu. Unyevu wa kifundoni. Neno nililomwambia Bibi. Zile nyuzi kavu, na neno la pili nililomwambia baada ya zile nyuzi. Mwisho nikamwambia na mashimo, nikingoja acheke.

Hakucheka. "Verediana anauliza," alisema. "Alikuuliza, hukumjibu. Unataka afanye nini?"

"Nimuogope?"

"Muogope, ndiyo. Na umjibu."

Alinifungia mbegu kwenye pindo la kanga, maharage meupe yenye jicho jekundu. Sikuwa nimeyaona mwaka mzima. Nililia mpaka isombe ikaiva na kupoa.

Wiki iliyofuata mvua ya Septemba ilikuja na radi zake, ikanyesha saa nzima. Mzee Gervasi alitoka na jembe. Mimi asubuhi nilikwenda kwenye shimo. Lilikuwa mahali pake. Nilizamisha mkono: kifundoni.

"Bado, Bibi," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo sana. Nikainama, nikasema tena ndani ya shimo. "Bado. Ni ya kupita."

"Unaongea na nani?" Mzee Gervasi aliniuliza toka upande wa pili wa ua.

"Na Bibi."

Baada ya muda nilisikia jembe lake likiwekwa ukutani.

Oktoba yote nilijibu hivyo kila asubuhi. Jua lilikuwa kali, moshi wa moto wa milimani ukaziba ng'ambo ya ziwa. Sitasema nilizoea. Kila siku, kabla mkono haujafika chini, nilingoja kitu kiushike. Shangazi alipokuja nilimweleza naye, ukweli wote. Akasema, "Mama alikuwa anajua kupima hata kwa macho. Labda alijua." Sijui kama alisema hivyo kunipoza au kuniumiza.

Mwanzoni mwa Novemba upepo uligeuka. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, kumbikumbi wakajaa mlangoni, na asubuhi ya nne milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, imesafishika, karibu kabisa. Nilikwenda bustanini. Hapakuwa na shimo.

Nilichimba mwenyewe. Udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, na unyevu ulipita kiwiko.

"Imeshika, Bibi," nilisema. "Mwaka jana haikushika. Maharage yote yalikauka. Haya ni ya Mama Ndayikeza, yaliyotoka kwako."

Nilipanda nusu. Nusu niliirudisha kwenye kibuyu na majivu mapya. Mawingu yalikuwa yanakuja kwa kasi kutoka ziwani, kwa hiyo nilifanya haraka, nikafukia kwa mguu, mstari baada ya mstari, nikakimbilia ndani. Mvua yenyewe haikufika. Ilipita Ujiji ikaishia huko.

Asubuhi nyayo zangu hazikuwepo kwenye matuta. Juu ya kila mbegu, kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, udongo ulikuwa umekandamizwa kwa kiganja, polepole, na alama za vidole zilionekana wazi.

Sikuweka mkono wangu juu ya alama zile kupima kama zinalingana. Nilikwenda kuwasha moto, nikakaa chini ya kibuyu, nikangoja siku ya sita.