Kuku Waliokimbilia Gari

Kitu cha kwanza msichana alichokiona ni kuku. Pikapu ya mjomba wake haijazimwa bado, kuku wakatoka mbio kila upande wa ua, shingo mbele, mabawa nusu wazi, wakaja kusimama nyuma ya gari wakitazama juu. Mbuzi mmoja mwenye kamba iliyokatika naye akaja. Wakasubiri. Walipoona hakuna kinachodondoka, wakaondoka taratibu kama watu walioambiwa dirisha limefungwa.

Msichana akawatazama asiseme kitu. Nyumbani walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama kiatu kilichozoea mguu.

Walikuwa wamekuja kukagua. Mjomba alikuwa muuza magodoro, na mafuriko yalimkuta na duka limejaa. Magodoro yalikunywa maji yakanenepa mpaka yakaziba mlango, na Bibi, mama yake mjomba, ikabidi atolewe dirishani. Tangu siku hiyo wingu likipita tu, mjomba anapandisha viatu juu ya kabati. Ndipo akasikia habari za bwana mmoja wa wilaya hii ya jangwa, mwenye kila kitu chake mwenyewe, anayegawa viwanja kwa watu wanaotaka kuishi bila kumtegemea mtu. Mnunuzi wa nyumba yao ya mjini alikuwa anangoja simu leo hii.

"Mimi nitaangalia nyumba na akiba," mjomba alisema njiani. "Mama, wewe udongo. Kimya, wewe maji, maana ndiwe mtekaji wetu. Mmoja akikataa, hatuhami. Nimeapa."

Bibi alikuwa ameshampa yule bwana jina kabla ya kumwona. "Haya, tukamwone Nuhu. Wa kwanza alijenga kwa kuogopa maji, huyu kajenga pasipo na maji."

Nuhu alikuwa mfupi, mwenye kofia pana, na aliongea kama mtu aliyekosa msikilizaji muda mrefu. Akawaonyesha ghala alilochimba chini ya ardhi, lenye baridi tamu, nafaka ndani ya mapipa yaliyozibwa kwa nta. Akawaonyesha sola, na bustani ya mchicha chini ya neti.

"Ukame ukija, ugonjwa ukija, vita ikija, wewe unafunga geti," alisema.

Mjomba aligongagonga mapipa kama anayechagua tikiti, na uso wake ulikuwa unafunguka. Kimya hakuwa ameuona uso huo tangu mafuriko. Hilo lilimtia hofu kuliko kitu kingine.

Kisima kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli.

"Kufuli ya nini?" Bibi akauliza.

"Wanyama, mama."

"Mbuzi wako anajua kufungua mifuniko?"

Nuhu akacheka, lakini kicheko kilichelewa. Akateka ndoo, maji meupe kabisa. Kimya akachovya mkono. Yalikuwa vuguvugu, na aliponusa vidole vyake vilinuka mpira, kama mdomo wa bomba la plastiki lililoachwa juani. Akatazama chini. Ua mzima ulikuwa na samadi ya mbuzi, haujaguswa. Mchanga wa hapo kisimani tu, hadi getini, ulikuwa na alama mpya za ufagio. Mtu alifuta nini hapo?

Akaenda jikoni. Mke wa Nuhu alikuwa anasugua masufuria kwa mchanga mkavu, kisha anayapitisha kitambaa chenye unyevu. Hakumwaga hata tone.

"Wewe huongei?" mwanamke akauliza.

"Naongea kidogo."

"Mimi nilikuwa naongea, mpaka majirani wakanichoka. Sasa naongea na masufuria, nayo yamenichoka." Akacheka, akamshika mkono. "Nyumba yenu itakuwa pale, ng'ambo ya neti. Nitakuwa nakuona ukianika nguo."

Kimya akawaza: nguo zilizofuliwa kwa maji yapi? Akainama, akauliza kwa sauti ya chini, "Gari la maji huja lini?"

Mwanamke hakuuachia mkono. Ila vidole vilikaza.

"Barabara ikiwa nzuri," akasema mwishowe. "Kisima kilikuwa na maji, mdogo wangu, sikudanganyi. Yalishuka. Tukiwa wengi tutachangia kuchimba, tutayafikia. Peke yetu hatuwezi. Usimwambie mjomba wako. Nakuomba tu unyamaze."

Katika vitu vyote duniani, alikuwa ameombwa kile alichokuwa nacho tele.

Wakakaa chini ya neti kutoa maneno. Bibi alikuwa bado na mchanga kwenye ulimi, maana alikuwa ameuonja. "Mimi nimekula chumvi nyingi, na udongo huu nao umekula. Lakini ukitiwa samadi utatoa mboga. Sikatai. Siwezi kutolewa dirishani mara ya pili."

"Nyumba safi, akiba safi," mjomba akasema. "Maji je, Kimya?"

Kimya akatazama vidole vya miguu yake. Mke wa Nuhu, mlangoni, akatazama vya kwake.

"Haya. Kunyamaza ni kukubali." Mjomba akatoa simu.

Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao. Bibi alipovunjika mguu, Kimya akiwa darasa la tano, mjomba alimuuliza kwa upole kabisa kama angebaki kumtunza. Aliitazama sakafu. Asubuhi yake aliikuta sketi yake ya shule dukani, imekatwa vipande vya kufutia vumbi.

"Halo, ndugu yangu," mjomba akasema kwenye simu. "Lile jambo letu..."

"Mjomba, sijakubali."

Mjomba akageuka kumtazama mke wa Nuhu, akidhani sauti ni yake. "Nani kasema?"

"Yule uliyempa kazi ya maji," Bibi akajibu.

"Yanaletwa na gari," Kimya akasema. "Kuku wanajua. Walikuja kunywa chini ya letu."

Mjomba akaishusha simu, sauti ya mnunuzi ikiendelea kuita ndani yake kama mbu.

"Ni kwa sasa tu," Nuhu akasema. Alikuwa ameivua kofia. "Mkija, tukishirikiana kuchimba..."

"Na barabara ikikatika?" mjomba akauliza.

Nuhu akatazama mapipa yake. Mjomba akakata simu. Uso wake ulikuwa umefungwa tena, na mlangoni mke wa Nuhu alikuwa amejifuta macho kwa kile kitambaa cha masufuria. Kimya aliviona vyote viwili, na vyote viwili vilimuuma.

"Sasa mbona ulitazama chini, Kimya?" mjomba akamuuliza polepole. "Wewe ukitazama chini, si umekubali?"

Lakini mdomo wa Kimya ulishafunguka.

"Hata shule, mjomba. Hata shule sikukubali."